Kuingiza mafundi kwenye ekipi ndani ya programu ya ratiba: mwongozo kwa wapangaji wa Lubumbashi

Ekipi, yaani kikosi cha mafundi wanaotoka pamoja kwenda kazini, kwenye programu ya ratiba si majina tu. Ni majina yenye tarehe: nani yumo, tangu siku gani, mpaka siku gani. Mpangaji akijaza majina na kuacha tarehe wazi, mambo yataenda vizuri wiki mbili tatu, kisha asubuhi moja fundi yuleyule anaonekana yuko Ruashi na Kipushi kwa wakati mmoja. Tunachukua mfano wa kampuni ya kawaida ya hapa mjini: inafunga sola, inatengeneza jenereta na vyumba vya baridi, ina mafundi kumi hadi thelathini na magari machache kuliko inavyohitaji.

Watu kwanza, ekipi baadaye

Usifungue ukurasa wa ekipi kabla rekodi za mafundi hazijakaa sawa. Kila fundi awe na saa zake za kazi, mahali anapoanzia siku, ujuzi wake, na ukanda wa saa. Huo ukanda ndio unaosahauliwa, nao ndio unaoharibu kimyakimya. Kongo ina kanda mbili za saa: Kinshasa iko UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya kimataifa), na Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko UTC+2. Aliyefungua akaunti ya kampuni akichagua saa za mji mkuu bila kufikiri, fundi aliyeandikwa 8:00 hadi 17:00 kwetu anasomeka 9:00 hadi 18:00. Tuseme wenzake wawili wamewekwa sawasawa na yeye peke yake amekosewa: muda ambao ekipi nzima iko pamoja unabaki 9:00 hadi 17:00. Saa nzima ya asubuhi imeliwa, na programu haitakuonyesha kosa lolote, kwa sababu kwa hesabu yake hakuna kosa. Tafuta Africa/Lubumbashi kwenye orodha. Isipokuwepo, chukua Maputo au Harare. Cairo iache, maana Misri husogeza saa wakati wa kiangazi chao.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye maelezo ya kazi andika 14:00, usiandike "saa nane". Hapa Lubumbashi kuna anayehesabu saa kwa Kiswahili na kuna anayehesabu kwa Kifaransa, na wote wawili wako kwenye gari moja.

Kwenye ujuzi, "umeme" peke yake haitoshi. Tenganisha: waya za nyumba, inveta na betri, jenereta ya dizeli, gesi ya baridi. Ngazi mbili zinatosha, anayefanya peke yake na anayesaidia. Ngazi tano hakuna atakayezijaza kwa uaminifu. Vibali vyenye mwisho, kama cha kuingia eneo la mgodi, viandikwe pamoja na siku vinapoisha. Kibali cha mtu mmoja kikiisha njiani, anayebaki getini si yeye tu, ni kazi nzima.

Shofea naye aandikwe kama rasilimali (mtu au kitu kinachoweza kupangiwa kazi) na awe mwanachama wa ekipi, ila asihesabiwe kama fundi. Kama programu yako inahesabu vichwa bila kuuliza ni nani, ongeza moja kwenye idadi ya chini ya watu wa kila kazi. Gari nalo liwe na rekodi yake, la sivyo ekipi mbili zitapangiwa Hilux ileile.

Kuunda ekipi yenyewe

Iite kwa kazi yake na namba: SOLA-1, SOLA-2, BARIDI-1. Usiiite "ekipi ya Papa Fulani", maana Papa Fulani atahama na jina litabaki. Angalia pia usichanganye vitu viwili: programu nyingi zina kikundi cha watumiaji cha kutolea ruhusa za kuona mafaili, na zina ekipi ya kwenda kazini. Ukiwaingiza mafundi kwenye kikundi cha ruhusa, hutaona chochote kwenye ubao wa ratiba.

Hatua zinatofautiana kidogo. Kwenye Dynamics 365 Field Service, ekipi ni aina mojawapo ya rasilimali: unaunda rasilimali mpya, unachagua aina hiyo, kisha unaunganisha wanachama wake kila mmoja na tarehe zake. Kwenye Salesforce Field Service kuna vitu vitatu: unaunda ekipi, unaongeza wanachama na kumtia alama kiongozi, halafu unaunda rasilimali ya aina ya ekipi na kuifunga kwenye ile ya kwanza. Ukiisahau hiyo ya tatu, ekipi ipo kwenye orodha, ina watu, lakini haiwezi kupewa kazi. Wengi hudhani programu imeharibika.

Sasa tarehe. Siku ya kuanza iwe siku halisi fundi anapopanda gari la ekipi hiyo, si siku unayoketi kuandika. Siku ya mwisho usiiache tupu hata kama hujui atakaa mpaka lini: weka mwisho wa robo ya mwaka, tuseme 31 Machi, na ukumbusho wiki moja kabla. Ubaya wake ni kwamba ukisahau, tarehe 1 Aprili ekipi inaamka haina mtu. Hata hivyo ekipi tupu inaonekana mara moja na mtu atapiga simu. Fundi hewa aliyebaki kwenye ekipi ya zamani anaweza kuharibu hesabu mwezi mzima.

Kama unaingiza majina mengi kwa faili, mitego ni mitatu, na yote inatokana na kompyuta zetu kuwa kwa Kifaransa. 03/04 kwa Kifaransa ni tarehe 3 Aprili, programu iliyowekwa kwa Kimarekani itasoma Machi 4. Andika 2026-04-03 na ugomvi umekwisha. Excel ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, programu inasubiri mkato. Na desimali zetu zina mkato badala ya nukta, kwa hiyo latitudo, moja ya namba mbili zinazoonyesha ramani mahali alipo mteja, inakatika vipande viwili. Hapohapo kwenye latitudo, usipoteze alama ya kutoa: Lubumbashi iko karibu na -11.66, 27.48. Ondoa hiyo alama, mteja wako wa Kampemba amehamia Sudani, na programu itamnyima ekipi zote kwa kuwa hakuna inayoweza kufika leo. Hizi namba ni za lazima, kwa sababu kutafuta kwa avenyu na namba ya nyumba ramani mara nyingi haipati kitu.

Mwisho, ujuzi wa ekipi. Usidhani unapanda wenyewe kutoka kwa wanachama. Angalia kwenye rekodi ya ekipi, na kama hauko, uandike: SOLA-2 inaweza inveta na betri kwa sababu ndani kuna mtu anayeweza.

Kazi moja, kwa karibu

Duka la dawa Kampemba linabadilisha betri 8 za asidi, 12 V 200 Ah, za mfumo wa 48 V: nne mfululizo, safu mbili sambamba. Betri moja ina kilo 60 hivi, kwa hiyo mzigo ni kilo 480. Ongeza watu watatu na vifaa, unakaribia kilo 800. Pikapu inabeba, teksi haibebi. Betri ya kilo 60 haishushwi na mtu mmoja, wala anayeunganisha nyaya haifai awe yuleyule anayehema kwa kubeba.

Hayo yote yaingie kwenye aina ya kazi, siyo kichwani mwa mpangaji: idadi ya chini 3, idadi inayopendekezwa 4, ujuzi inveta na betri, gari la mizigo. Ukiacha idadi ya chini kuwa 1, programu itamtuma fundi aliye karibu zaidi, peke yake, na kwa upande wake itakuwa imefanya vizuri.

Kwenye muda, andika muda wa saa ya ukutani. Ekipi ya watu watatu itakaa pale kwa muda wa saa 5, basi andika saa 5. Anayezidisha 5 mara 3 na kuandika 15 ataona kazi ya nusu siku inakula siku mbili.

Kumhamisha fundi

Fundi wa inveta anatoka SOLA-2 kwenda SOLA-1 kuanzia Jumatatu tarehe 9 Machi. Usimfute SOLA-2. Ukimfuta, unaweza kupoteza historia yake, na mteja akilalamikia kazi ya Februari hutajua nani alikuwepo. Funga uanachama wake Jumapili tarehe 8 saa 23:59, fungua mwingine SOLA-1 tarehe 9 saa 0:00. Dakika za kugongana hata moja zinatosha kuleta matatizo.

Hapo nusu ya kazi ndiyo imekwisha. Fungua kazi zote za SOLA-2 kuanzia tarehe 9 na kuendelea: zilizokwisha kupangwa mara nyingi hubaki na majina ya zamani, kwa sababu programu iliandika majina siku ulipopanga. Zitoe kwenye ubao uzirudishe. Kisha jiulize kama yeye ndiye aliyekuwa peke yake na ujuzi huo. Kama ndivyo, ufute kwenye rekodi ya SOLA-2 leo, la sivyo wataendelea kutumwa kwenye inveta wasizozijua.

Ugonjwa wa siku moja ni jambo jingine. Usiguse uanachama, andika kutokuwepo kwake. Lakini ekipi huweza kuwa na kalenda yake, na ikaendelea kuonekana iko tayari wakati imebaki na watu wawili. Hesabu kwa macho. Mbadala apewe uanachama wa siku hiyo tu, atoke kwenye ekipi iliyo juu ya idadi yake ya chini, na huko alikotoka umtoe kwa siku hiyohiyo.

Barabara

Kipushi ni kilomita 30 hivi, Likasi 120, Kolwezi karibu 300. Kama programu inapima mstari ulionyooka, ongeza kwa mkono. Kama inatumia kasi ya wastani, ishushe msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, na usiiamini kamwe upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori yanapojipanga. Ekipi inayolala Kolwezi ibadilishiwe mahali pa kuanzia siku kwa siku hizo, maana bila hivyo kila asubuhi programu inawaanzisha Lubumbashi na kuwanyima kazi ya kwanza.

Simu

Kiongozi mmoja ndiye anayebonyeza "tumefika" na "tumemaliza". Wengine wasome tu. Watu watatu wakibonyeza kila mmoja kwa wakati wake, kazi inafungwa na wa kwanza na hesabu ya saa haieleweki tena. Simu zisawazishwe, yaani zipakue ratiba mpya, wakiwa bado kwenye ofisi yenye mtandao, kabla ya kutoka.

Jaribio

Kabla ekipi mpya haijaanza, unda kazi ya uongo ya kesho saa 8:00, iite JARIBIO, na uipe hiyo ekipi. Angalia majina yote yameingia, 8:00 ni 8:00 pia kwenye simu ya kiongozi, na mstari wa kila fundi peke yake kwenye ubao umejaa. Mstari wa mtu ukibaki mweupe, mpangaji mwingine anaweza kumpa kazi nyingine saa hiyohiyo. Rudi kwenye tarehe za uanachama wake. Ukimaliza, ifute JARIBIO na usawazishe tena simu, shofea asije akawasha gari.