Jaribu mbegu za zamani, kisha upande zilizoota

Pakiti ya mbegu iliyosahaulika kabatini usiitupe kwanza. Mbegu za nyanya na matango zilizotunzwa pakavu, pasipo joto, mara nyingi huota hata baada ya miaka 4. Zinazochoka upesi ni za vitunguu: zikipita mwaka 1 au 2, usizipeleke kitaluni bila kuzijaribu.

Kuna wanaozimwaga majini na kutupa zinazoelea. Kipimo hicho mimi sikiamini, maana mbegu nzima huweza kuelea na iliyokufa ikazama.

Hesabu mbegu 10, au 20 kama unazo za kutosha, bila kubagua zilizonona. Ukibagua unajidanganya mwenyewe. Lowesha karatasi ya tishu, ikamue hadi isidondoshe maji, panga mbegu zisigusane, kunja, kisha tia kwenye mfuko wa plastiki wenye hewa kidogo. Andika aina na tarehe. Weka penye uvuguvugu, nyuzi 20 hadi 25, mbali na jua kali. Maji yakizidi, mbegu zitaoza.

Chungulia kila siku kuanzia siku ya 3. Nyanya huchukua kama siku 5 hadi 10. Pilipili hoho na karoti zinaweza kufika wiki 2 au 3, kwa hiyo usizikatie tamaa mapema. Zikiota 8 kati ya 10, panda kama kawaida. Zikiota 5, mwaga mbegu maradufu. Zikiwa 2 tu, tafuta nyingine.

Zilizoota nazo ni miche. Zipande mzizi ukiwa chini ya sentimita 1. Utauona umevaa vinyweleo vyeupe laini, na wengi huvitupa wakidhani ni ukungu. Ukungu hutambaa hadi kwenye karatasi. Vinyweleo hubaki kwenye mzizi. Shika ganda la mbegu, kamwe si mzizi, maana ncha ikivunjika mche hudumaa au hufa. Mzizi ukiwa umenasa kwenye tishu, usiuvute: kata kipande cha karatasi ufukie pamoja nacho. Toboa udongo wenye unyevu kwa kijiti, elekeza mzizi chini, funika kidogo bila kushindilia, kisha nyunyiza maji taratibu.

Karoti usihangaike kuzihamisha. Mzizi ukipinda sasa, utavuna karoti zilizogawanyika miguu, kwa hiyo zilizobaki kwenye pakiti zimwage moja kwa moja shambani.