Kufunga usukani wa boti ya rimoti ukae sawa

Wakuu, kabla hujakaza skrubu yoyote washa rimoti kwanza, halafu betri ya boti, trimu (kile kitufe cha rimoti cha kurekebisha usukani kidogo kidogo) iwe katikati kabisa, sevo (kimota kinachogeuza usukani) ikishatulia hapo ndo unavalisha kimkono chake kikae digrii 90 na waya unaoenda kwenye usukani. Wengi wanafunga kwanza ndo wanawasha, matokeo yake boti inavuta upande mmoja tu.

Waya mi natumia spoki ya baiskeli, ngumu haipindi hovyo, ncha unaikunja kwa plaizi kama herufi Z inaingia kwenye tundu haichomoki.

Usukani ugeuke digrii 30 hadi 35 kila upande, inatosha sana, ukifika 45 unakuwa kama breki boti inapoteza spidi badala ya kukata kona. Unageuka mno? Hamishia waya tundu la ndani kwenye sevo, au la nje kwenye kimkono cha usukani. Ukikata kulia ikaenda kushoto usifungue kitu, geuza swichi ya rivasi kwenye rimoti, ile inayobadili upande sevo inakozunguka.

Bomba la usukani, lile ambalo mhimili wake unapita kuingia ndani ya boti, lijaze grisi maji yasipande. Jaribu kwenye beseni kwanza jamani, pale bwawa la Hombolo upepo wetu wa Dodoma ukiikamata boti yenye usukani mlegevu, mi niliisubiri ng'ambo mpaka giza likaingia.