Namna ya kuipeleka familia Hifadhi ya Taifa Arusha kwa gharama nafuu

Watoto wengi wa Arusha na Moshi wanamjua simba kwa noti ya elfu mbili na tembo kwa noti ya elfu kumi, ilhali magari ya watalii yanapita mbele ya nyumba zao kila siku. Wazazi wakiulizwa, wanasema mbugani ni hela nyingi. Naomba tulitazame hilo upya. Mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Kinachomaliza fedha ni usafiri, na pia kufika getini bila karatasi zinazotakiwa.

Kwa safari ya kwanza, nashauri Hifadhi ya Taifa Arusha. Unakata kona Usa River, katika barabara kuu ya Moshi–Arusha, unapanda kilomita chache hadi lango la Ngongongare, na jioni mnalala kwenu. Tarangire iko kilomita 118 kutoka Arusha, Manyara 126; nazo huendeka kwa siku moja, ila mafuta yanapanda. Serengeti iache kwanza. Ukipitia Karatu unakatiza eneo la Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake nje ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), kwa hiyo unalipa huko pia kabla hujaigusa Serengeti yenyewe.

Anza na vitambulisho, wiki moja kabla. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha Taifa. Viwango vimegawanywa kwa umri: chini ya miaka 5 halipi, miaka 5 hadi 15 hulipa kiingilio cha mtoto, na kuanzia 16 ni mtu mzima. Mtoto wa miaka 14 aliyerefuka asije akakadiriwa kwa kimo, hivyo beba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Shangazi aliyekuja likizo kutoka Nairobi au Kampala naye yumo katika kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, mradi awe na kitambulisho cha nchi yake au pasipoti. Kama mmoja wenu si raia lakini anaishi nchini kwa kibali cha ukaazi, aje nacho, kwa sababu bila hicho atahesabiwa mgeni wa kawaida. Viwango vya mwaka husika vipo kwenye tovuti ya TANAPA, na mwaka wao wa fedha huanza Julai 1. Ukivisoma, angalia kama kodi ya ongezeko la thamani imeshajumlishwa au bado. Wengi hupungukiwa hapo.

Kisha gari. Gari lenye namba za Tanzania hulipa kwa shilingi, kulingana na uzito wake likiwa tupu, basi kadi ya gari iwepo. Mkikodi Noah, elewaneni kabla ya kuondoka, na ikiwezekana kwa maandishi: je, bei ina mafuta ndani? Ada ya gari getini ni ya nani? Kiingilio cha dereva je? Maswali hayo matatu yakiachwa, ugomvi huibuka kwenye dirisha la malipo getini huku watoto wanangoja. Njia nafuu kuliko zote ni familia mbili tatu kuchangia basi dogo moja la Costa. Ada yake ni kubwa zaidi, lakini ikigawanywa kwa vichwa inakuwa nyepesi. Kati ya Machi na Mei mvua za masika huharibu barabara za ndani, hasa ile ya kupanda kreta ya Ngurdoto, na gari la chini litakwama.

Getini hawapokei fedha taslimu. Karani anaandika idadi ya watu wazima, watoto na namba ya gari, kisha anakupa kumbukumbu namba ya malipo, ile inayoanza na 99. Hapo hapo dirishani isome pamoja naye, ukihakikisha jumla na idadi ya watoto ni sahihi, kabla hujagusa simu. Ndipo uingie kwenye malipo ya serikali katika M-Pesa, Airtel Money au mtandao wako mwingine, uweke namba na ulipe. Weka salio kwenye laini mbili za mitandao tofauti, pamoja na kidogo cha makato, maana mtandao mmoja ukigoma utaendelea na wa pili. Unaweza pia kulipia benki kwa namba hiyo hiyo. Ukishalipa, subiri kibali. Ni cha kuingia mara moja, na hukaguliwa wakati wa kutoka, kwa hiyo akitunze mtu mmoja tu.

Matembezi ya miguu na askari mwenye silaha, au mtumbwi ziwani Momela, vina malipo yake pembeni. Kwa familia yenye watoto wadogo, gari linatosha.

Muwe getini saa 1 asubuhi. Mara tu baada ya lango kuna uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, ambako nyati, pundamilia na ngiri hula majani pamoja. Endesheni polepole msituni mkitazama juu: mbega, wenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkia kama ufagio, hukaa kimya hadi mmoja aruke. Kreta ya Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni tu, kuteremka hairuhusiwi. Halafu maziwa ya Momela, yenye maji ya magadi na rangi zinazotofautiana, ambako heroe hukusanyika. Waambieni watoto mapema kwamba simba hapa hakuna, wasije wakashinda wanamtafuta.

Pikeni nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai vinatosha mpaka mchana, na mle kwenye maeneo yaliyotengwa kwa mapumziko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo tumieni kapu au vyombo vyenye mifuniko. Nyani msiwarushie hata ganda la ndizi. Aliyezoea chakula cha watu huwa hatari kwa mtoto wa familia itakayofuata. Takataka zote rudini nazo, na mfike lango la kutokea kabla halijafungwa jioni, kibali kikiwa mkononi.