Goti linaruka kabla hujaamua: somo la tendohisia

Leo maabara ni mwili wako. Tendohisia ni tendo ambalo mwili hulifanya wenyewe, kabla hujaamua.

Hatua ya 1. Kaa ukingoni mwa meza, miguu ining'inie bila kugusa sakafu. Legeza paja kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Hatua ya 2. Papasa chini ya pia ya goti. Utaikuta kano, imekaza kama kamba. Mwenzako aigonge kwa ubavu wa kiganja, pigo jepesi la ghafla. Mguu utaruka mbele.

Hatua ya 3. Fuata safari yenyewe. Pigo huvuta kano, nayo huvuta msuli wa mbele ya paja. Ndani ya msuli huo mna vipokezi vinavyopima urefu wake. Vikivutwa ghafla, hutuma ishara hadi kwenye uti wa mgongo, na humo neva iliyoleta habari hukutana ana kwa ana na neva inayoamuru msuli. Makutano ni hayo tu. Amri inarudi, msuli unajikunja, na yote hayo hayafiki sekunde 0.1. Ubongo nao huarifiwa, ila mguu umesharuka. Kwangu hili ni ajabu kila nikilifundisha. Madaktari Wajerumani Wilhelm Erb na Carl Westphal walilieleza mwaka 1875, na mpaka leo madaktari hugonga goti kupima njia hiyo.

MASWALI

Mwalimu, langu halikuruka. Nina tatizo?
– Si lazima. Nasa vidole vya mikono miwili kama ndoano, vuta kila mkono upande wake, ugongwe tena. Mara nyingi litaruka. Likiruka moja na la pili likagoma kila mara, muone daktari.

Nikigusa kitu cha moto, mkono hutoka kwanza, maumivu hufuata, tena mara mbili. Kwa nini?
– Umechunguza vizuri sana! Vipokezi vya joto kali huamka karibu nyuzi 43 za Selsiasi, na amri ya kuondoa mkono hutoka kwenye uti wa mgongo. Maumivu ya kwanza, yale makali kama ya sindano, hupita kwenye neva zenye ala ya mafuta, ambazo ni za kasi. Yale ya pili, mazito, hupita kwenye neva nyembamba zisizo na ala: kama mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu atembeaye.

Mbona siihisi saa niliyovaa?
– Vipokezi vingi vya mguso hujali mabadiliko. Kitu kikitulia, vinanyamaza. Isogeze kidogo, utaihisi.