Upepo wa kompresa si wa kujipangusia

Mafundi wenzangu wa Mwanakwerekwe na Chake Chake, jioni tukimaliza kazi tusijipulizie vumbi mwilini kwa mpira wa kompresa, ile mashine ya kubana upepo. Upepo ule hupenya penye kidonda ukaingia mpaka kwenye damu, na ukipiga jicho au sikio huharibu. Brashi inatosha.

Jengine, na hili tunalipuuza sana, ni maji ya tangi la kompresa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, nao hugeuka maji ndani ya tangi. Kila siku punguza upepo, fungua koki ya chini, uache yale maji ya rangi ya kutu yatoke yote. Tangi huliwa kwa ndani huku nje rangi inang'aa, na likichoka hupasuka.

Kabla ya kubadilisha kichwa cha spana ya upepo, funga koki, toa upepo uliobaki mpirani, kisha ndiyo uchomoe mpira. Miwani usivue.