Somo: Jinsi ya kupima DVD – picha, sauti na nyongeza

Jumapili nikiwa na nafasi hupita sokoni Kibuye, hapa Kisumu, kwenye zile katoni za DVD zilizorundikwa pamoja na rimoti zisizo na wenyewe. Watu wamehamia kwenye flashi na simu, kwa hiyo sisi wachache tunaokusanya tunaokota diski halisi, na kasha lake, kwa bei ya chai na mandazi. Nikishaziangalia huziandikia alama kwenye daftari. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: umejuaje kwamba hii ni nzuri na ile ni mbovu?

Kwanza niungame. Kwa karibu miaka mitatu daftari langu lilijaa maneno "picha imekandamizwa, watu wafupi wanene", diski baada ya diski. Nililaumu kila kampuni ya filamu duniani. Siku moja binamu yangu wa Kondele, fundi wa redio, alikuja kurudisha sufuria ya mama, akaishika rimoti ya deki, akaingia kwenye mipangilio na kubadilisha umbo la skrini kutoka 4:3 (TV ya mraba) kuwa 16:9 (TV pana). Watu wakarefuka papo hapo. Diski zote zile hazikuwa na kosa. Mbovu nilikuwa mimi. Ndiyo maana somo hili halianzi na diski.

Hatua ya 1: Nyoosha TV na deki

Ukiwa na TV bapa, deki iwe kwenye 16:9. Kisha uitoe TV kwenye ile hali ya dukani, inayong'aa hadi nyasi zinaonekana kama zimepakwa rangi, uiweke kwenye hali ya sinema. Ukali wa picha uteremshe karibu na sifuri. Najua inauma, kwa sababu mwanzoni picha itaonekana imelala. Lakini ukali ule haukuongezei chochote kilichomo ndani ya diski. Unachora tu uzi mweupe pembeni mwa vitu, halafu wewe unakuja kusema diski ndiyo yenye uzi mweupe.

Nyaya nazo. Waya wa manjano peke yake hubeba rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa, na matokeo yake ni vidoti vinavyotambaa kwenye kingo za maandishi mekundu. Kama deki ina HDMI, tumia hiyo. Kama haina lakini ina matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu, hayo pia ni mazuri.

Funga mapazia. Picha za usiku huwezi kuzipima jua la Kisumu likiwa limekukalia kwenye kioo.

Hatua ya 2: Igeuze diski, fanya hesabu

Tazama upande wa chini. Diski iliyopigwa kiwandani ni ya rangi ya fedha, na ikiwa na tabaka mbili za kuhifadhia data mara nyingi ina udhahabu kidogo. Iliyochomwa kwenye kompyuta kwa kawaida huwa na uzambarau. Mimi siipi alama kopi ya kuchomwa, sembuse ile iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, vichwa vya watazamaji vikipita mbele. Hapo unampima mwizi, humpimi mtengenezaji.

Sasa hesabu. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5. Filamu ya saa mbili ikilijaza tabaka moja, inapata wastani wa megabiti 5 hivi za data kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa picha ni 9.8, kwa hiyo 5 si haba. Lakini chukua zile "kumi kwa moja" za barabarani: filamu kumi za dakika 90 ni saa 15. Gawanya kwenye tabaka moja, utapata chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Kabla hujaiweka kwenye deki umeshajua uso wa mtu utakuwaje.

Hatua ya 3: Picha

Usiitazame filamu nzima ukitafuta makosa, utachoka na utaichukia. Tafuta sehemu nne: usiku, moshi au ukungu, maji yanayotembea, na uso wa mtu kwa karibu. Hizo ndizo zinazoilemea diski, kwa kuwa DVD huifinya picha kwa kutupa kile kinachodhaniwa jicho halitagundua kimetoweka. Moshi na maji hubadilika kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hiyo nafasi ikiwa ndogo unaona vigae: vijiraba vya mraba vinavyorukaruka. Sisi tunaoyajua maji ya ziwa upepo ukianza mchana tunalitambua kosa hili haraka, kwa sababu maji halisi hayana pembe.

Sehemu ya usiku ndiyo ninayoipa uzito zaidi, na nina sababu. Diski iliyofinywa kwa pupa huanza kutupa yaliyomo kwenye giza, na kwa sisi watu weusi hilo ni jambo la nyumbani: mwigizaji mweusi kwenye chumba chenye taa ya koroboi hubaki macho na meno. Diski nzuri itakuonyesha mfupa wa shavu, jasho la paji la uso, tofauti ya shati jeusi na ukuta ulio nyuma yake. Zikipotea hizo, kwangu picha haipiti 5 kati ya 10 hata kama mchana wake ni wa kupendeza.

Makosa mengine ya kuangalia: anga lenye mistari ya ngazi badala ya kufifia taratibu, meno kama ya kitana pembeni mwa mtu anayekimbia, na uzi mweupe niliousema, ukibaki hata baada ya kuteremsha ukali wa TV. Ukiona weusi pande zote nne, picha ikiwa kama imekaa ndani ya dirisha, hiyo ni diski ya zamani iliyotengenezewa TV za mgongo, na ukiikuza utaipoteza zaidi. Weusi wa juu na chini peke yake si kosa. Filamu nyingi zilipigwa pana kuliko TV yako. Kosa ni pale walipokata pembeni ili kujaza TV ya mraba, ukamwona mtu anajibizana na pua.

Na tafadhali, chembechembe ndogo zinazocheza kwenye filamu ya zamani usizikate alama. Ndivyo ukanda wa filamu ulivyo. Waliozifuta kwa mashine wamefuta na vinyweleo vya ngozi, waigizaji wakawa kama wamepakwa nta.

Hatua ya 4: Sauti

Usipime sauti mvua ikipiga mabati.

Panga sauti kwenye mazungumzo ya kawaida, weka rimoti chini, tazama dakika 20. Kisha hesabu umeishika rimoti mara ngapi. Sifuri hadi mbili, vizuri. Ukifika sita, mazungumzo yamezikwa.

5.1 maana yake ni njia sita: moja ya katikati inayobeba maneno mengi, mbili za mbele, mbili za nyuma, na moja ya mngurumo. Wufa nyingi tulizonazo, hata zikiandikwa 3.1 au zaidi, zinapokea nyaya mbili tu, nyekundu na nyeupe. Deki imeshazikunja njia sita kuwa mbili kabla sauti haijafika hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia "hii diski ina besi moto", mara nyingi ananisimulia habari za wufa yake.

Vaa vipokea sauti vya masikioni angalau dakika kumi. Hapo ndipo utasikia mvumo wa chini, mikato ya ghafla, na maneno yasiyoendana na midomo. Yakikosa kuendana kwenye kila diski, tatizo ni la TV au deki, si diski.

Filamu ya zamani yenye sauti ya njia moja iliyo safi ipe haki yake. Naipenda kuliko 5.1 ya kubuniwa baadaye, ambapo mlango unafungwa mbele na mwangwi wake unatokea nyuma ya kochi.

Hatua ya 5: Nyongeza

Usihesabu, pima. Swali langu ni moja: je, nimeelewa kitu ambacho filamu yenyewe isingeniambia? Maelezo ya mwongozaji yanayokwenda sambamba na filamu, ukibonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti, yakifanywa vizuri yanashinda nyongeza nyingine zote pamoja. Sehemu zilizokatwa ni nzuri wakieleza kwa nini zilikatwa. Dakika saba za waigizaji wakisifiana ni tangazo. Manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, siyahesabu kama nyongeza; diski ina nafasi ya lugha 32 za manukuu, kwa hiyo kuyakosa kabisa ni uzembe, na naukatia alama.

Hatua ya 6: Alama tatu, usizijumlishe

Picha 8, sauti 4, nyongeza 9. Ziache hivyo. Ukitoa wastani utapata 7, na 7 haimsaidii yeyote: mama mwenye masikio mazito atanunua diski asiyoisikia, na mwanafunzi wa filamu ataiacha ile yenye nyongeza za dhahabu. Filamu yenyewe, kama hadithi, iandike kando. Nina diski bora kabisa za filamu za kipuuzi.

Maswali

*Nyar Bondo:* Mwalimu, shangazi ametuma DVD tatu kutoka Marekani. Deki inaandika kitu kuhusu eneo halafu inagoma. Je, ni mbovu?

Hapana dada, ni nzima. DVD zimegawiwa maeneo: Marekani ni 1, Kenya tuko 5. Deki nyingine zinafunguliwa kwa namba za siri za rimoti, muulize fundi, na nyingine tangu dukani hazijali eneo. Ukitumia kompyuta, kuwa mwangalifu: kwa kawaida kiendeshi kinakubali kubadilishwa eneo mara tano tu, halafu kinabaki pale pale ulipokiachia.

*Mwalimu wa Mumias:* Kasha linasema dakika 120, deki yangu inaonyesha 115. Dakika tano zangu ziko wapi? Nahisi wamekata sehemu za mahaba.

Haha, mahaba yako salama, mwalimu. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wetu wa video, PAL, unataka 25, kwa hiyo wanaiendesha haraka kidogo, asilimia 4 hivi. 120 mara 24 gawanya kwa 25 ni 115.2. Kasha liliandikwa kwa urefu wa sinema. Ukiwa na sikio la muziki utasikia hata sauti za watu zimepanda kidogo, isipokuwa kama waliirekebisha.

*Fundi Manyatta:* Katikati ya filamu inasimama kidogo sana kisha inaendelea. Nimeipangusa kwa kanga, bado.

Ikisimama mahali pale pale, mara moja, chini ya sekunde, ni deki inahama kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili. Haikatiwi alama, labda kama wameiweka katikati ya sentensi. Ikisimama mara nyingi, ni uchafu au mikwaruzo. Na kupangusa, omera, ni kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa kitambaa laini. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata duara ni mbaya kuliko unaokatiza.

*Mama Pendo, Nakuru:* Kwangu mazungumzo ni ya kunong'ona, bomu likilipuka watoto wanaamka. Nimeipa sauti 2.

Mama, kabla ya hiyo 2, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki. Tafuta kipengele kinachopunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, mara nyingi kinaitwa cha usiku. Kiwashe, na uhakikishe deki inatoa sauti ya njia mbili. Kisha rudia dakika 20. Ukitoa 2 tena nitakuunga mkono.

*Bahati K:* Na zile muvi za madijei, zenye mtu anayesimulia juu yake? Hizo unazipimaje?

Hizo nazitazama, sizipimi. Sauti ya asili imeshushwa, picha ni kopi ya kopi. Lakini dijei mzuri anampa adui jina la mtaani, anamfanya polisi wa Hong Kong aombe lifti ya bodaboda, na ukumbi mzima unaanguka. Huko alama ni ya msimulizi peke yake. Mimi nina mmoja niliyempa 10, nikamkata 1 kwa kuongea juu ya wimbo.

*Fundi Manyatta:* Nimepangusa ulivyosema. Bado inasimama, mara moja, dakika ya 58.

Basi ni tabaka. Iache.