Taa na feni ya usiku kwa ajili ya mtoto mchanga, zisizozimika umeme ukikatika: hatua kwa hatua

Usiku wa tatu tangu binti yetu atoke hospitali, umeme ulikatika saa nane usiku, mama yake akiwa katikati ya kunyonyesha. Feni ikasimama, chumba kikajaa joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili. Nilipapasa simu, nikawasha tochi, mwanga mweupe ukampiga mtoto usoni. Akaachia ziwa, akaangua kilio, na hatukulala tena mpaka adhana ya alfajiri. Mama mkwe wangu, aliyekuja kumwangalia mzazi mpaka atoke arobaini, alisimama mlangoni na khanga yake begani akaniambia: "Baba, usiku mwanga ni wa kuona ziwa tu, basi."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipa vipimo vya kazi yote ninayoieleza hapa. Kazi yangu ni ya mitandao ya kompyuta na nimezoea kuchezea betri na nyaya, lakini hiki ndicho kitu cha kwanza nilichotengeneza nyumbani ambacho mtu mwingine anakitegemea kila usiku. Baba hawezi kunyonyesha. Anachoweza ni kuhakikisha anayenyonyesha haachwi gizani wala kwenye joto, na hahitaji kunyanyuka.

Kama mama bado hajajifungua, anza sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba angalau siku 3 za likizo ya uzazi yenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3 hizo ni za kuchemsha maji, kufua nepi na kupokea wageni. Saa mbili mfululizo za kukaa na bisibisi hutazipata.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Nimetumia betri ya volti 12 yenye 7Ah (ampea-saa 7), ile ya kufungwa ambayo iko ndani ya UPS nyingi ndogo (vile vifaa vya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika) na vifaa vya kengele za wizi. Ina uzito wa kilo 2 hivi na inapatikana kwa urahisi Kariakoo. Zidisha 12 kwa 7 upate wati-saa 84. Betri ya aina hii ukiikamua mpaka mwisho mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo jipangie kutumia nusu tu: wati-saa 42.

Taa yangu inakula kama wati 1.5 na feni wati 2.4. Jumla ni karibu wati 4. Gawanya 42 kwa 4, upate saa 10 na ushei. Toa kinachopotea kwenye vifaa vya katikati, zinabaki saa 8 au 9 za uhakika. Huo ni usiku mzima.

Hapo ndipo kishawishi kinapokuja cha kuongeza rauta, chaja ya simu, na spika ya kumtulizia mtoto. Rauta peke yake inaweza kula wati 6 hadi 10, na usiku wako wa saa 8 unageuka kuwa wa saa 3. Niliiacha nje. Kama unahitaji intaneti wakati wa giza, itengenezee betri yake.

Hatua ya 2: Vifaa

Mbali na betri utahitaji pawa saplai ya kamera za ulinzi, ile yenye boksi lake la chuma na sehemu ya kufungia betri, inayotoa volti 13.8. Hicho ndicho kiini cha mfumo: umeme ukiwepo inalisha taa na feni huku ikiijaza betri, umeme ukikatika betri inapokea bila pengo hata la sekunde. Soma maandishi yake uone inachaji betri kwa ampea ngapi. Kwa betri ya 7Ah isizidi 2.

Kisha kifaa kidogo cha kukata mzigo (yaani taa na feni) betri ikishuka, kidhibiti volti chenye uwezo wa kupandisha na kushusha (kile cha kushusha tu hakitafaa, nitaeleza), nusu mita ya mkanda wa taa za LED za volti 12 za rangi ya kaharabu (njano iliyokolea kuelekea chungwa) au nyekundu, kipunguza mwanga cha mkanda huo, feni ya kompyuta ya milimita 120 pamoja na wavu wake wa chuma, kishikio cha fyuzi na fyuzi za ampea 3, waya mwekundu na mweusi, konekta za skrubu, swichi mbili, na mfereji wa plastiki wa kupitishia nyaya ukutani. Multimita, kile kipimo cha volti, ni lazima. Kama huna, azima.

Betri ipime palepale dukani. Betri mpya iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.7 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imekaa sana kwenye rafu. Ikiwa chini ya 12, irudishe hata kama muuzaji anakuapia.

Hatua ya 3: Usilehemu ndani ya nyumba

Hili naliweka kabla ya kazi yenyewe kwa makusudi. Waya wa kulehemu unaouzwa sana madukani una madini ya risasi, na kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inaingia kupitia vidole, nguo na vumbi, kisha mtoto anashika shati lako na kupeleka mkono mdomoni. Ndiyo maana nimechagua konekta za skrubu kila mahali. Kama ni lazima ulehemu, fanyia nje, nawa mikono kwa sabuni, na ubadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto. Kutoboa ukuta nako kufanyike mama na mtoto wakiwa hawamo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Hatua ya 4: Betri, fyuzi na pawa saplai

Betri na pawa saplai zikae koridoni au sebuleni, chumbani uingie waya wa volti 12 tu. Sababu ni mbili. Betri ikichajiwa kupita kiasi inatoa gesi, na pawa saplai ina umeme wa volti 230 ndani yake. Chagua pia mahali penye ubaridi, kwa sababu joto linakula betri: kwa kila nyuzi joto 10 juu ya 25 umri wake unapungua karibu nusu.

Upande wa volti 230 ufungwe na fundi umeme kama wewe si mzoefu, na waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) uunganishwe kwenye boksi la chuma. Usiuruke.

Fyuzi inakaa kwenye waya chanya wa betri, isizidi sentimita 15 kutoka kwenye betri yenyewe. Watu huidharau betri hii kwa sababu ni ndogo, lakini nyaya zake zikigusana inaweza kumwaga zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kama kaa la moto. Fyuzi iliyo mbali na betri hailindi kipande cha waya kilicho kabla yake.

Kile kifaa cha kukata mzigo kifunge baada ya pawa saplai, kwenye njia ya kwenda chumbani. Nimekiweka kikate ikifika volti 12.0 na kirudishe kwa 12.8. Pengo hilo lina kazi yake: ukiondoa mzigo, volti ya betri hupanda yenyewe kidogo, na pengo likiwa dogo taa itakuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, machoni mwa mtoto.

Hatua ya 5: Kidhibiti volti

Umeme ukiwepo waya wako una volti 13.8, na usiku unavyosonga bila umeme unashuka kuelekea 12. Feni za kompyuta hazipendi 13.8, na mkanda wa taa unapata joto kuliko inavyotakiwa. Kidhibiti cha kushusha tu hakiwezi kutoa 12 wakati kinachoingia ni 12 na nukta kidogo, ndiyo maana nikataka kinachopandisha na kushusha.

Kiunganishe bila mzigo wowote. Weka multimita upande wa kutokea, kisha shika bisibisi ndogo uzungushe kile kiskrubu cha njano kilicho juu ya kiboksi cha bluu. Kinazunguka mara nyingi kabla hujaona badiliko, usidhani kimeharibika. Changu nilizungusha raundi kumi na kitu namba zikiwa zimekwama, kisha zikaanza kuteremka taratibu: 14.1, 13.2, 12.4. Nikasimama kwenye 12.0, nikadondosha tone la rangi ya kucha juu ya kiskrubu kisisogee tena.

Kidhibiti cha kwanza nilikiua. Nilikuwa nimeamka saa kumi usiku kumbadilisha mtoto nepi, nikasema nimalizie waya mbili zilizobaki, nikageuza chanya na hasi. Kilitoa moshi mara moja. Tangu siku hiyo sigusi waya usiku, na kila ncha ina utepe wa rangi niliouzungushia mchana.

Hatua ya 6: Taa

Kwenye jicho kuna chembe zinazouambia mwili kama ni mchana au usiku, na zinaitikia zaidi mwanga wenye ubuluu, wa karibu nanomita 480. Mwanga mweupe wa simu unao kwa wingi, na unazuia homoni ya usingizi. Kaharabu na nyekundu vinazigusa kwa kiasi kidogo sana. Mtoto mchanga saa yake ya mwili bado haijakomaa, anayefaidika kwanza ni mama, ambaye anaamka kila baada ya saa mbili au tatu na anahitaji kushikwa na usingizi upesi akimaliza.

Mkanda ukate kwenye alama ya mkasi tu, inayokuja kila baada ya taa tatu. Sentimita 50 zinatosha. Usiubandike juu. Mimi niliubandika kwanza juu ya kabati, na mtoto akilazwa chali, kama inavyotakiwa alale siku zote, alikuwa anautazama moja kwa moja. Nikauhamishia chini ya ubao wa pembeni wa kitanda, ukielekea sakafuni. Sasa sakafu inang'aa kidogo na mwanga unaopanda ni wa kuona uso wa mtoto na ziwa. Punguza mpaka uone hivyo, kisha punguza tena kidogo. Macho yaliyoamka gizani hayahitaji zaidi.

Hatua ya 7: Feni

Chandarua kinazuia mbu na kinazuia upepo pia. Feni ya milimita 120 ni ndogo, lakini ikiwa mita moja na nusu kutoka kwenye chandarua, upande wa miguu, hewa inapita na unaiona nyavu ikitikisika. Funga wavu wa chuma pande zote mbili. Usiielekeze usoni mwa mtoto, ielekeze ipite juu ya kitanda. Kama shingo yake kwa nyuma ina jasho, mvue nguo moja kabla ya kufikiria feni kubwa zaidi.

Waya wowote, hata wa volti 12, uwe angalau mita 1 kutoka anapolala mtoto, ndani ya mfereji uliokazwa ukutani. Hatari ya waya kwa mtoto ni shingo yake. Leo hajui kushika kitu, baada ya miezi michache ataufikia na kuuvuta.

Hatua ya 8: Swichi

Nilitaka taa iwake yenyewe, nikaweka kihisi mwendo. Kilifanya kazi vizuri siku mbili. Usiku wa tatu nikaamka nikamkuta mke wangu anapunga mkono hewani. Mama anayenyonyesha hutulia kabisa ili mtoto asishtuke, na kihisi kisipoona mwendo kwa dakika kama 5 kinazima taa. Kila ikizimika ilibidi apunge mkono, na kila akipunga mtoto anaachia ziwa.

Nikakitoa. Badala yake nimeweka swichi pana ya kubonyeza, urefu wa sentimita 60 kutoka sakafuni, upande wa kitanda anakolala yeye, mahali anapoweza kuibonyeza kwa kiwiko akiwa amembeba mtoto kwa mikono yote miwili. Kabla ya kutoboa nilimwomba akae kama anavyokaa akinyonyesha, afumbe macho, asogeze kiwiko. Palipogusa ndipo nilipopiga alama ya penseli. Swichi ya feni iko chini yake, na ina kipande cha utepe chenye mkwaruzo ili azitofautishe kwa kugusa.

Hatua ya 9: Jaribu mchana

Usisubiri umeme ukatike. Jumamosi mchana, betri ikiwa imechajiwa angalau siku nzima, chomoa pawa saplai ukutani. Taa isipepese hata kidogo. Acha taa na feni zifanye kazi saa 4, kisha pima betri. Gusa kidhibiti na konekta zote kwa kidole: vuguvugu ni sawa, ya moto maana yake skrubu imelegea.

Jaribio hilo nalirudia kila mwezi na kuandika namba kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati, pembeni ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mwezi wa kwanza baada ya saa 4 ilisoma 12.5. Mwezi huu, binti yetu akiwa na miezi sita na ameanza kuonja uji, imesoma 12.4. Siku itakaposoma chini ya 12.2 kwa saa zilezile, nanunua betri nyingine.